Makinga maji ya ujira kijijini kwetu Kongwa: lipeni na matunzo

Nianze na hukumu, ili asiye na muda asilazimike kusoma mpaka chini. Kazi ya kuchimba makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji ya mvua mteremkoni, kwa ujira ni kazi nzuri, na kama kaya yako imo kwenye orodha ya walengwa wa TASAF na kuna mtu mwenye nguvu nyumbani, nendeni mkachimbe. Mradi wetu naupa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa sababu moja tu: kijijini kwetu siku zote za ujira zilipangiwa kuchimba, na hakuna hata moja iliyopangiwa kulitunza tuta likishachimbwa.

Ninalima Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, sehemu ya miteremko. Mtama, alizeti, karanga kidogo na kunde pembeni. Mama yangu ndiye mlengwa wa TASAF. Magoti hayamruhusu kushika sururu, kwa hiyo kazi naifanya mimi kwa niaba ya kaya. Nasema hivi ijulikane kwamba naandika kama mchimbaji, na vilevile kama mwenye shamba lililo chini ya mojawapo ya matuta hayo.

Kwa msiojua utaratibu, TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini uliingia kipindi cha pili mwaka 2020. Kaya hupata ruzuku ya fedha, na zile zenye watu wanaoweza kufanya kazi hupewa ajira za muda. Kazi zenyewe huibuliwa na wanakijiji: kuchimba lambo, kutengeneza barabara ya kijiji, kuotesha miche, kupanda miti, kuchimba makinga maji. Ujira katika kipindi cha pili uliwekwa Sh 3,000 kwa siku, siku 10 kwa mwezi, kwa miezi 6. Ukipiga hesabu ni siku 60 kwa mwaka, yaani Sh 180,000 kwa kaya. Kipindi cha kwanza ilikuwa Sh 2,300 kwa siku, hivyo kiwango kilipanda, ingawa anayepalilia shamba la mtu kwa kibarua wakati wa msimu atakwambia analipwa vizuri zaidi. Lakini kibarua cha palizi hakipatikani Agosti. Ujira huu unakuja kiangazi, ghala linapoanza kuonyesha sakafu, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni kuchimba mtaro tu. Afisa ugani alitufundisha kutumia fremu ya herufi A. Ni miti miwili iliyofungwa pamoja juu na kuachanishwa miguu, mmoja mfupi umelazwa katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka juu. Kamba ikikaa kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili ipo kwenye usawa mmoja wa ardhi. Unapigilia mambo, yaani kigingi kidogo cha mti, unageuza fremu, unapigilia nyingine, na unakwenda hivyo hivyo hadi mwisho wa mteremko. Ukirudi nyuma kutazama, mstari wa mambo unapinda kulia na kushoto kufuata mlima, na macho yanakataa, yanakwambia umekosea. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi alitaka tuzinyooshe. Afisa akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, shikamoo, lakini maji hayafuati macho yetu." Zikabaki zilivyo. Kila mahali tulipofuata mambo hayo bila kuzigusa, maji yalisimama na kuzama. Sehemu moja karibu na njia ya ng'ombe kundi jingine lilinyoosha mstari ili umalizike upesi, na ndipo palipopasuka kwanza.

Mtaro unachimbwa kama nusu mita hivi kwenda chini. Udongo ukiutupia upande wa juu wa mteremko, hilo ndilo tuta la fanya juu. Ukiutupia upande wa chini, ni fanya chini. Kwetu tulifanya yote mawili kulingana na ukali wa mteremko. Udongo wa huku kiangazi ni mgumu kweli, sururu inaruka, na asubuhi ya kwanza mikono inatoka malengelenge. Ushauri wangu kwa anayeanza: nenda alfajiri, beba maji yako mwenyewe, na kama una koleo zuri, beba lako. Vifaa vya pamoja havitoshi watu wote, na ukikaa kusubiri zamu ya sururu, jua litakukuta hujamaliza kipande chako.

Kwa nini serikali ilipe watu kwa kazi kama hii? Nimesikia watu wa mjini wakisema mkulima alinde shamba lake mwenyewe. Hao waje huku Januari. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka kwa dhoruba chache kali. Mvua ikipiga kwenye ardhi iliyokaa wazi tangu Juni, haizami. Inateleza, inakusanyika, inachimba korongo. Udongo unaoondoka hapa unakwenda mbali na shamba langu. Maji ya milima ya Kongwa na Mpwapwa yanaingia Mto Kinyasungwe, yanapita Gulwe, yanateremka Kilosa. Ile Reli ya Kati, kipande cha kutoka Gulwe hadi Kilosa, imekuwa ikikatwa na mafuriko miaka nenda miaka rudi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba vibaya na yakawaacha watu wengi wa Kilosa bila makazi. Kwa hiyo anayezuia maji juu kwa jembe lake anamfanyia kazi msafiri wa treni na mwenye nyumba Kilosa, watu asiowajua. Kumlipa ni haki.

Kuna sababu nyingine ya kuusifu utaratibu huu, na wazee wanaielewa kuliko sisi. Hifadhi ya ardhi nchi hii iliingia kwa amri. Wakati wa mkoloni watu walilazimishwa kuchimba matuta, na Waluguru mwaka 1955 walisimama kuyakataa. Hapa Kongwa Waingereza walifyeka pori kubwa kwa mradi wao wa karanga kuanzia 1947, mwaka 1951 wakaufunga. Baada ya uhuru ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, kwa msaada wa Uswidi. Kule Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoliwa vibaya na mmomonyoko, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi, hilo halina ubishi. Ukipita Kondoa leo unaona miti kwenye vilima vilivyokuwa makorongo matupu. Ila familia nzima zilipeleka ng'ombe wao mbali au zikawauza, na mfugaji hakulipwa chochote kwa kuipisha ardhi ipumzike. Nikilinganisha na hayo, kuitwa kwenye mkutano, kuulizwa kazi gani ianze, kisha kulipwa kwa siku uliyofanya, ni hatua kubwa. Mama yangu alipopokea ujira wa kwanza alinunua madaftari ya wajukuu na kuku watatu. Kuku hao wameshaongezeka.

Malipo. Huku yanakuja kwa madirisha, kila dirisha likikusanya miezi miwili. Anayelipwa kwa simu anapata ujumbe, anakwenda kwa wakala. Hapa nawasihi watoto na wajukuu wa walengwa: msiwaache wazee waende peke yao. Wakala mmoja wa fedha, sitamtaja wala mahali alipo, alimkata mama yangu zaidi ya makato halali, akijua hasomi ujumbe wa simu. Nilirudi naye siku hiyo hiyo, nikamwonyesha ujumbe wenyewe, akarudisha kilichozidi. Hakikisheni laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mlengwa mwenyewe, si cha jirani wala cha mkwe, maana laini ya mtu mwingine ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi ninaousikia. Na kila jioni kabla ya kuondoka kazini, angalia jina lako limetiwa alama kwenye daftari la mahudhurio. Siku isiyoandikwa hailipwi, na kuifuatilia baadaye ni mzunguko mrefu.

Naja kwenye nyota mbili nilizozizuia.

Msimu wa kwanza baada ya kuchimba, matuta yalifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mvua kubwa ilipopiga nilikwenda shambani baada ya kukatika, nikakuta mtaro umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, na chini ya tuta mtama wangu haujalala. Wiki mbili za jua zilizofuata, mistari iliyo karibu na tuta ilibaki kijani wakati ile ya mbali imeanza kujikunja majani. Nilivuna vizuri upande ule. Jirani yangu asiye mlengwa, ambaye tuta linapita juu ya shamba lake pia, alikuja mwenyewe kusema asante, na akaleta karai la kunde.

Msimu wa pili mitaro ilikuwa imejaa mchanga karibu nusu. Hiyo ni kawaida. Mtaro ukifanya kazi yake ya kukamata udongo lazima ujae, na lazima uzolewe. Nani auzoe? Siku za ujira zimekwisha, na mpango wa kijiji umeshahamia kwenye kazi nyingine. Tukaambiwa matunzo ni nguvu za wananchi. Wananchi hao Novemba wako kwenye kuandaa mashamba, Desemba wanapanda, Januari wanapalilia. Tuta liko kwenye mteremko wa watu wengi, na kila mmoja anajua akizoa kipande chake na mwenzake wa juu asizoe, kazi yake ni bure.

Kisha ukaja msimu wa 2023 kuingia 2024, ule wa El Niño. Pale kwenye njia ya ng'ombe tuta lilikuwa limeshakanyagwa, limebaki na kimo cha kiganja. Maji yakajaa mtaroni, yakatafuta mahali pa chini, yakapapata. Pengo lilianza na upana wa unyayo. Maji yote ya mtaro mrefu, ambayo bila tuta yangesambaa mteremko mzima, yakapita mahali pamoja. Kufikia Februari palikuwa na korongo la kunifika kiunoni, likikata shamba la mama mmoja mjane katikati, alizeti imelala pande zote mbili. Hili ndilo wapangaji wa kazi wanapaswa kulielewa. Tuta lisilotunzwa halirudi kuwa ardhi ya kawaida. Linakuwa hatari kuliko kutokuwepo, kwa sababu linakusanya maji na kuyamwaga sehemu moja. Kulipia uchimbaji na kuacha matunzo ni kumwachia hasara aliye chini ya mteremko, na mara nyingi huyo ndiye maskini zaidi.

Nikitaka ushahidi kwamba watu wa hapa wanaweza kutunza, ninao. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi wamekuwa wakieneza Kisiki Hai mkoani Dodoma. Hakuna mche unaonunuliwa. Unatafuta kisiki kilichokatwa zamani ambacho mizizi yake bado ina uhai, unachagua machipukizi machache yaliyo imara, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili anayepita ajue kinatunzwa, na unakilinda. Hakuna anayelipwa ujira wa siku. Shambani kwangu nina mikungugu iliyonipita kimo kwa njia hiyo. Inadumu kwa sababu iko ndani ya shamba langu, kivuli ni changu, kuni za matawi ni zangu, na maganda yake mbuzi wangu wanakula. Makinga maji yako kwenye mteremko wa wote, faida yake inashuka kwa wengine, ndiyo maana hapo panahitaji fedha ya serikali, na panaihitaji kila mwaka.

Mpwa wangu anayesoma kilimo chuoni alinieleza jinsi Wamarekani wanavyofanya, na tangu hapo nimelifikiria sana. Nao waliumia: miaka ya 1930 vumbi lilifukia mashamba ya majimbo yao ya katikati, na mwaka 1935 wakaunda idara ya serikali ya kuhifadhi udongo. Kwa sheria ya 1985 wakaanzisha Conservation Reserve Program. Mkulima anaingia mkataba wa miaka 10 hadi 15, anaipumzisha ardhi inayomomonyoka kirahisi, anaiotesha nyasi au miti, na serikali inamlipa pango la ardhi hiyo kila mwaka, kana kwamba imeikodi, pamoja na kumchangia hadi nusu ya gharama ya kuotesha. Wameweka pia kikomo, kwa kawaida si zaidi ya robo ya ardhi ya kilimo ya wilaya moja, ili maduka ya pembejeo na vibarua wa pale wasikose kazi. Akivunja mkataba, anarudisha fedha.

Sisemi tuige yote. Mkulima wa kule ana hati na ekari nyingi. Mimi nikipumzisha ekari mbili, familia haili. Kitu kimoja tu ndicho tunachoweza kukichukua bila kubadili sheria yoyote: fedha inafuata uhai wa hifadhi mwaka baada ya mwaka, haiishii siku ya kuchimba. Kwenye siku 60 za kaya, kijiji kikipanga hata siku 10 ziwe za kuzoa mitaro na kuinua matuta ya mwaka uliopita, Septemba na Oktoba kabla ya mvua, gharama haiongezeki hata shilingi. Tutachimba mita chache zaidi, na zile tulizochimba zitabaki. Kila kipande kiandikwe kwa kaya iliyo karibu nacho, msimamizi apite na daftari kabla ya Novemba, kipande kilichozolewa kilipwe, kisichozolewa kisilipwe. Kwenye njia za ng'ombe tupange mawe au tuweke kivuko, maana ng'ombe hawatabadili njia kwa sababu sisi tumechimba.

Jambo la mwisho ni kupanda juu ya tuta. Sehemu tuliyopanda majani tembo haijapasuka mpaka leo, na kina mama wanayakata kulishia mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Sehemu iliyoachwa udongo mtupu ndiyo iliyoshuka. Mkonge nao unashika vizuri na mbuzi hawaugusi. Kama kijiji chenu bado kinapanga, miche na vipando viwepo kwenye bajeti kabla sururu ya kwanza haijapigwa.

Je, mpango unamfaa nani? Kaya yenye mtu wa miaka ya kufanya kazi na isiyo na kipato kiangazi, unaifaa sana. Mjamzito na mwenye mtoto mchanga asisukumwe kwenye sururu kwa sababu ya umaskini. Aulize haki yake kwa mwezeshaji. Mwenye shamba lililo chini ya mteremko, hata kama si mlengwa, ahudhurie mikutano ya kupanga kazi, kwa sababu tuta litakalopita juu yako ni jambo lako kuliko la mtu mwingine yeyote.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo kazi za ujira zinapopitishwa. Wetu unaofuata nitasimama kuomba zile siku 10 za matunzo, pamoja na kivuko cha mawe kwenye njia ya ng'ombe. Nimeshaongea na mama yule aliyekatiwa shamba na kina mama wengine wa kitongoji wanaolima chini ya tuta, tutafika mapema tukae mbele, na mtendaji nimeshampa ombi letu kwa maandishi ili liingie kwenye ajenda.